Ngoma Waliyoichoma Moto

Kilichowashtua majirani kwanza ni kwamba Letisia alikuwa anatwanga kinu kitupu. Jua la utosi, mchi unapanda na kushuka, na ndani ya kinu hamna hata punje moja. Mama Zuena wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ua wa mabua, akamuuliza shoga yake anatwanga nini na mahindi yako wapi. Letisia hakugeuka. Alitwanga mara mbili upesi, akatulia, akatwanga mara moja kwa nguvu zake zote, akatulia tena. Mama Zuena akarudi ndani huku akijifunga kanga vizuri, maana mapigo yale aliyajua. Nachingwea nzima iliyajua. Yalikuwa ya kanda ya chuma.

Habari za kanda hiyo acha niziseme mapema, msije mkanikatiza njiani. Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuja Mzungu mmoja kijana kutengeneza jenereta ya misheni, na alipoondoka alimwachia Augustino, mume wa Letisia, kanda ya dini. Augustino alikuwa na kibanda cha kurekodi karibu na soko: unapeleka kanda yako tupu, unachagua muziki, jioni unaifuata. Alipoiweka ile ya Mzungu alidhani redio imeharibika. Chuma kinapiga chuma, kama mashine ya kukoboa iliyolegea nati, na katikati ya makelele hayo mwanamume analia kama aliyetumbukia kisimani. Katekista mmoja aliyejua Kiingereza akaisikiliza upande mzima. Akasema hizi ni nyimbo za Mungu, jamani, msiogope. Huyu mtu yuko shimoni anamwita Mungu, Mungu hajamjibu, naye hataki kunyamaza.

Sasa niambie, nani atanunua kitu kama hicho? Walinunua! Walianza vijana waliotaka kelele tu. Wakafuata watu wazima waliokimbia vita Msumbiji, wakafuata wenye misiba. Kanda za kwaya zote ziliwaambia wafurahi. Hii peke yake iliketi nao chini mkekani ikalia. Bongo fleva ikaingia, redio za mkononi zikaingia, na bado watu walitoka Chiola na Ruponda kuja kuiomba kibandani.

Aliyeipenda kuliko wote ni Letisia. Alikuwa amemzika Felista, mtoto wake wa pekee, na tangu siku ile hakuna neno la mtu lililomwingia. Mchana Augustino akienda nyumbani kula, yeye alibaki kibandani akaifungulia kwa sauti ya juu, saa ile ambayo barabara ni nyeupe kwa jua na mbwa hapiti. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba ngoma haipigwi saa hiyo, kwa sababu hao wengine, wasioonekana, nao huwa njiani. Lakini nani amkataze mama mwenye uchungu? Walimwacha.

Ndipo kikaja kinu kitupu. Kisha ikaja harufu nyumbani, harufu ya chuma kilichounguzwa, ikakaa kwenye mito, kwenye mtungi wa maji, kwenye nywele zake. Letisia akaacha ugali, akaacha uji, mwisho akaacha hata maji, akitwanga mpaka viganja vikachubuka. Augustino akilala kando yake alisikia jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu: mkewe alivuta pumzi, na aliyeitoa hakuwa yeye. Pumzi iliingia nyembamba kama ya mtoto, ikatoka nzito, ya kiume, yenye joto.

Hapo Augustino akakimbilia kwa Dastani, kiongozi wa kikundi cha maombi. Dastani hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya, ila alikuwa na haraka. Alisema shetani yumo ndani ya kanda, basi ichomwe, ile ya Mzungu pamoja na nakala zote zilizobaki kibandani. Wakazimwagia mafuta ya taa uani. Augustino mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti. Kanda zikajikunja na kutoa moshi mweusi, kikundi kikaimba, na ndani ya nyumba Letisia akapiga ukelele mmoja mrefu, akaanguka, na kuanzia hapo hakutwanga tena wala hakuinuka. Alilala macho wazi, midomo imepasuka, anakauka huku wanamwona. Hospitali wakamtundikia maji, yakaingia, naye akazidi kukauka.

Mfa maji hushika hata jani. Augustino, Mkristo wa kubatizwa, akambeba mkewe kwenye baiskeli mpaka Ruponda kwa Mwanawetu, mwanamke muuza karanga ambaye watu wa dini zote walimfuata kimyakimya mambo yakiwashinda. Mwanawetu alimnusa mgonjwa nywele, akamshika nyayo, akauliza alianzaje. Augustino akamweleza yote. Alipofika kwenye kuchoma, Mwanawetu aliketi chini.

"Mmeichoma ngoma yake," alisema. "Sasa mimi nimwite na nini?"

Akamfafanulia taratibu, kwa maana aliona Augustino hana akili ya kushika mengi. Kila jini ana ngoma yake. Akiisikia hupanda kichwani, akipanda huulizwa jina na haja yake, akipewa haja yake huondoka. Asipopigiwa hawezi kupanda, na asiyepanda hawezi kutoka. Hukaa chini kabisa akimla mtu polepole. Kanda haikuwa na shetani yeyote, alisema. Mpita njia aliisikia mchana ule, akaipenda, kama nyinyi wote mlivyoipenda.

"Nitafutie nyingine," akasema. "Na ufanye upesi. Huyu hana siku nyingi."

Basi Augustino, aliyeirekodi kanda ile kwa mkono wake mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, akaanza kuizungukia kama omba omba. Chiola alikuta kwaya imeshaifuta na kujirekodi wenyewe. Karibu na Mnero, mwalimu mmoja alikuwa nayo, lakini katikati ya upande wa kwanza palikuwa na mpira wa redioni, mtangazaji anapiga kelele za goli. Mwingine alisema yake ilitafunwa na redio. Mwingine, Mungu amsamehe, aliposikia inatafutwa kwa ajili ya jini, alikimbilia ndani akaivunja kwa jiwe mbele ya macho yake. Augustino alikaa chini barabarani akalia mbele za watu, mwanamume mzima, na hakuona aibu.

Aliipata Ruangwa. Kulikuwa na mchimba madini aitwaye Saturnini ambaye kila asubuhi kabla ya kushuka shimoni aliisikiliza. Kaka yake alifukiwa na kifusi humo humo, na Saturnini alisema bila kanda hiyo miguu yake haikubali kushuka. Mwanzo alikataa kabisa kuitoa. Augustino hakubishana. Alimweleza tu jinsi midomo ya Letisia ilivyopasuka. Saturnini akaingia ndani, akakaa sana, akatoka nayo imefungwa kwenye leso. Akamwambia airudishe, kwa kuwa na yeye anaihitaji ili aishi.

Alasiri iliyofuata, uani kwa Mwanawetu, Letisia alilazwa juu ya mkeka, akafunikwa shuka jeupe, chetezo cha ubani kando ya kichwa. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba shuka halikuonyesha mtu. Mwanawetu akambana Augustino mkono, akampa onyo moja. "Akipanda ataongea na kila mtu. Asikuulize kitu ukamjibu. Jini hahamii kiti kingine, yaani mwili wa mtu mwingine, bila mwenye mwili kutamka; na akihama hivyo, huyo hubaki mgeni kwa watu wake. Unanisikia?" Augustino akasema amesikia.

Kanda ikafunguliwa.

Chuma kikapiga chuma, mara mbili upesi, kimya, mara moja kwa nguvu, kimya, na ubani ukaacha kunukia ubani ukanukia chuma kilichounguzwa, na kuku waliokuwa wanachakura uani wakaondoka wote kwa pamoja bila sauti, na chini ya shuka kifua kilichokuwa hakionekani kikaanza kuinuka, kikainuka zaidi ya kifua cha mtu kinavyoinuka, mpaka Letisia, aliyekuwa hawezi kushika hata kikombe, akaketi wima kama aliyevutwa kwa kamba kutoka juu, macho yamefumbwa, kinywa wazi, na yule mwanamume wa kwenye kanda alipoanza kulia kutoka shimoni, kinywa cha Letisia kikalia pamoja naye, neno kwa neno, Kiingereza ambacho hakuwahi kujifunza, kwa sauti nzito yenye joto ambayo Augustino aliijua kutoka kitandani kwake mwenyewe.

Mwanawetu akamuuliza jina. Hakutaja. Akamuuliza anataka nini, kitambaa, damu ya kuku, asali. Alivikataa vyote.

"Kiti hiki kimechakaa," sauti ikasema. "Nilikuwa nimekaa na huyu mama tunalia vizuri, sina ugomvi. Nani aliichoma ngoma yangu?"

Mwanawetu akasema hapa hakuna anayejibu. Sauti ikauliza tena, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Na kila ilipouliza, Letisia alizidi kwenda. Damu ilianza kutoka mdomoni, shingo ikalegea, kile kifua kikashuka kikachelewa kupanda, na kanda ilikuwa inaelekea mwisho. Mwanawetu alikuwa anatoa jasho, anarudia maneno yake haraka haraka, na Augustino alimtazama usoni akaona kwamba ameshindwa.

"Ni mimi," Augustino akasema. "Mwache mke wangu. Ni mimi niliyewasha."

Kanda ikaisha, kitufe kikaruka. Letisia akaanguka mkekani, akakohoa, akavuta pumzi, akaitoa mwenyewe. Harufu ilikuwa imeondoka. Alifumbua macho, akatazama ua, kuku, jua lililokuwa linaelekea kushuka, na macho yake yalikuwa ni yake. Akasema ana kiu. Akasema ana njaa pia, na kama kuna uji angeupata.

Mwanawetu alilia kwa furaha, kisha akakumbuka, akageuka.

Augustino alikuwa ameketi vizuri, ametulia, hana hata tone la jasho. Alinyanyuka, akachota maji mtungini, akampa Letisia kikombe kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. Letisia akanywa yote. Akamshika mumewe kidole, akamwambia, "Baba Felista, twende nyumbani."

Augustino akakitoa kidole chake taratibu, akamwinamia Mwanawetu sikioni ili asimfedheheshe mgonjwa.

"Samahani, mama," akanong'ona. "Huyu dada ametokea wapi? Na Felista ni nani?"

Letisia alisikia. Akacheka, maana Augustino alikuwa mtu wa utani, na hakuwa amemtania tangu msiba. Alicheka mpaka akashika mbavu, akisubiri naye acheke.