Benchi la Wasikilizaji

Benchi lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana chumba kile hakikuwa na dirisha, bali la mahali alipokaa mtu muda mrefu akainuka sasa hivi tu. Mkutubi, ambaye wasomaji walimwita Mama Shii kwa jinsi alivyowanyamazisha, aliondoa kiganja haraka. Yeye ndiye aliyefungua mlango asubuhi hiyo, na ufunguo ulikuwa mmoja.

Maktaba ya jiji ilikuwa inakaribia kutimiza miaka mia, naye alipewa kazi ya kupanga maonyesho. Alikuwa ametoa stoo vitu vya chumba cha kwanza kabisa, cha enzi zile wengi hawakujua kusoma: kiti cha msomaji na benchi la wasikilizaji. Kila siku saa kumi jioni msomaji alikaa pale akawasomea watu kitabu kwa sauti, sura kwa sura. Siku tatu nyuma, kwa majaribio tu, Mama Shii alimkalisha binti yake kwenye kile kiti, naye binti akasoma sura moja ya kitabu kikuukuu kilichokutwa chini ya benchi. Binti alisoma vizuri, wacha wee! Kengele ya kufunga ilipolia, mama akasema, "Inatosha, mwanangu. Tutamalizia kesho."

Kesho yake wakasahau. Na asubuhi iliyofuata binti akaamka hana sauti.

Usidhani ni koo kukauka. Hata kikohozi chake hakikusikika. Daktari alimulika kooni akasema kila kitu ni kizima. Na wiki iliyofuata binti alitakiwa kusimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, mwalimu mpya, nguo tayari zimepigwa pasi. Aliandika kwenye karatasi: "Mama, nitafundisha kwa ishara?" Kisha akalia, na kilio chenyewe kimya. Hicho ndicho kilichomkata mama yake maini.

Basi asubuhi hiyo ya benchi lenye joto, Mama Shii akaenda chumba cha nyuma kwa fundi wa kujalidi vitabu, mzee mwenye ulimi wa upupu.

"Mlikisoma kitabu cha benchi?" fundi aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Sura moja tu, baba. Nikasema tutamalizia kesho."

Brashi ya gundi ilimponyoka mkononi. "Kesho? Ulitamka kesho mbele ya lile benchi? Hebu funga mlango." Akanong'ona: "Babu yangu ndiye aliyekuwa msomaji wa mwisho. Watu wakishaondoka, benchi lilibaki linalia, mbao zikikwaruzana kama kuna mtu anajiweka sawa juu yake. Akajua. Hakuahidi kesho hata siku moja. Siku ya kuhamia jengo hili ulimi ukamteleza, na kesho yake kiti kikatupwa stoo. Alikufa bubu."

"Ni nani anayekaa pale?"

"Jini ana kadi ya uanachama, hata nimjue jina? Anapenda hadithi, basi. Ahadi ni deni, mama. Kamalizieni, na msiruke hata neno."

Saa kumi jioni Mama Shii alikaa kwenye kiti, binti pembeni yake amemshika upindo wa gauni. Akaanza kusoma. Harufu ya ubani ikaingia, nzito, na hakuna aliyechoma ubani. Benchi likalia mara moja. Akaendelea, na kila alipogeuza ukurasa benchi lililia tena, karibu zaidi, ingawa hakuthubutu kuinua macho aone kama kweli limesogea, akasoma huku jasho likimtiririka mgongoni na pumzi ya moto isiyo yake ikimgusa magoti, akasoma bila kumeza mate mpaka alipofunua ukurasa akakuta hakuna tena kurasa, ni unga tu, mchwa wamekula mwisho wote.

Maskini Mama Shii! Mwanamke aliyenyamazisha watu miaka ishirini na sita, leo hana budi kusema. Akatunga. Akamrudisha msafiri wa hadithi nyumbani, akamkutanisha na mama yake, akawapikia chakula, akawalaza salama. "Na hapo," alisema, "ndipo mambo yao yalipoishia." Akafunga kitabu.

Ubani ukapotea. Binti akakohoa, na kikohozi kikasikika.

"Mama," alisema. "Mama, nimerudi!"

Wakakumbatiana wakilia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyesema shii. Binti alikuwa bado amebana uso kwenye bega la mama yake, midomo imefumbwa, wakati sauti yake, ileile, tamu, ya mwalimu mpya, ilipouliza kutoka kwenye benchi:

"Halafu?"

Mama Shii akamsukuma mwanawe kuelekea mlangoni. Kisha akakaa, akakifunua kile kitabu kisicho na kurasa, akaendelea.