Moyo Umechoka

Ongodia alimwona Petronilla mara ya kwanza katika uwanja wa forodha, Malaba, mwaka 1974, malori yakinguruma kila upande. Ongodia alikuwa karani wa wakala wa forodha, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi. Dada wa watu, katika gauni la manjano, alikuwa amekalia robota lake la vitenge akihema.

"Dada, nani amekukimbiza?"

"Ni uzuri wako, karani. Piga muhuri nirudi kwetu Busia."

Muhuri ukapigwa, na penzi likaanza papo hapo. Kila Jumatano walipigiana simu, posta kwa posta, wakitaniana na kuitana majina matamu ambayo opareta aliyasikia yote. Ongodia akaanza kuulizia ng'ombe wa mahari.

Jumatano moja sauti ya Petronilla ilikuja kwa mbali. "Mpenzi, usinikasirikie. Moyo wangu umechoka." Kabla hajaongeza neno, dakika tatu zikaisha na opareta akakata.

Mwanamke akikwambia moyo umechoka, ujue amekuacha. Ndivyo Ongodia alivyoelewa, na kiburi kikamzuia kuuliza. Simu zilipokuja, alituma watu waseme hayupo. Miezi miwili ikapita hivyo, akijidanganya kwamba amesahau.

Kisha robota la vitenge likaletwa forodhani kupigwa muhuri na Aluka, mdogo wake Petronilla. Yeye ndiye aliyemweleza. Dada yake alikuwa na saratani ya damu, ile ya polepole, ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka. Lakini damu ilikuwa imepungua, moyo ukafanya kazi kupita kiasi hadi ukatanuka. Daktari alisema saratani ingengoja. Moyo ndio ungetangulia.

"Ni moyo wa nyama, shemeji," Aluka alisema. "Ule wa kupenda bado unakungoja."

Ongodia aliona aibu ya kufa. Siku hiyo hiyo alifika Busia, akamkuta Petronilla barazani, miguu imevimba, viatu havimwingii, wanja amepaka hata hivyo.

"Karani, kumbe Busia ni mbali hivyo?"

Ongodia alipiga magoti akalia, akaomba msamaha. Akamwambia watafunga ndoa Desemba, wazee wakishamaliza mambo ya ng'ombe.

Petronilla alitikisa kichwa. "Desemba ni mbali, mpenzi."

"Basi Jumamosi hii. Naenda kwa padri sasa."

Petronilla alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu.

"Jumamosi nitajaribu kufika," alisema.