Kinanda cha Mshonaji

Yule fundi redio hakuumbwa kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, vidole vinatafuta skrubu ya kukaza. Kwa hiyo siku ile, katikati ya msukumano wa duka la vipuri, alishindwa kunyamaza alipomwona dada mmoja wa gauni la njano, futi ya kupimia nguo shingoni, akichagua waya wa risasi mnene kuliko penseli.

"Huo ni wa kuzibia masufuria, mrembo. Unataka kulehemu nini?"

"Kwani nimekuuliza?"

Lakini alicheka, na kicheko hicho kikammaliza fundi. Dada alikuwa mshonaji, amechoshwa na cherehani, anataka kujifunza kulehemu. Ataanzia kwenye kinanda kidogo cha betri, vitufe vinane na spika moja.

"Nifundishe, ila usinishikie kazi," alisema. "Niliyeachana naye alinifanyia kila kitu, mpaka kunichagulia viatu. Nilikaribia kusahau kama nina mikono."

"Sigusi," fundi akaapa.

Jioni zao zikawa kwenye meza moja, kibandani kwa fundi, moshi wa risasi ukiwatoa machozi.

"Pasha waya kwanza, ndipo ulete risasi, mpenzi."

"Mpenzi nani?"

"Nasema na kinanda."

Mapenzi yakakolea, jamani, hata mama yake fundi akaanza kumuulizia mkwe.

Siku kinanda kilipokamilika, kikatoa sauti ya kukwaruza. Mshonaji akasema atakitafutia ugonjwa kesho. Kesho ni mbali mno kwa mtu mwenye kiherehere. Alipotoka tu, fundi akakifungua, akavirudia viungo vilivyolehemiwa vibaya, akafunga. Asubuhi mshonaji akabonyeza, kikaimba safi. Badala ya kufurahi akakigeuza, akakikagua chini. Mshonaji hakosi kuujua mshono wake.

"Hapa si mimi niliyelehemu."

"Nilitaka ufurahi tu, kipenzi."

"Nilitaka kujua kama naweza. Umenifanyia kama yule yule."

Akakitia mkobani, akaenda zake.

Fundi akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akawa hali, halali, redio za watu anazifungua na kuzifunga bila kuzitengeneza. Aliogopa kwamba amempoteza, na alijua amejitakia. Siku moja simu ikapokelewa.

"Nilitaka kusikia sauti yako tu."

"Umeisikia," mshonaji akajibu, akakata.

"Wewe uliharibu redio ngapi mpaka ukawa fundi?" mama yake akamuuliza.

"Nyingi, mama."

"Basi na mwenzako ungemwacha aharibu."

Mchana mmoja mshonaji akaingia bila hodi, gauni jekundu, vidole vimeungua. Akaweka kinanda mezani.

"Nimebandua kila kitu, nimelehemu upya peke yangu. Kaa usikilize."

Akapiga. Vitufe saba vikaimba, kimoja kikakoroma. Fundi aliiona kasoro papo hapo, waya mmoja haukushika risasi vizuri. Mikono ikamwasha. Akaikalia.

Mshonaji akarudia wimbo, kitufe kikakoroma tena, naye akimtazama fundi usoni.

"Unaumia?"

"Naumia sana."

"Unajua kasoro iko wapi?"

"Najua."

"Mbona husemi?"

"Hujaniuliza nikwambie."

Mshonaji akauma mdomo kuzuia kicheko, akashindwa.

"Basi nioe, uumie kila siku."

"Nimekubali," fundi akasema, mikono bado ameikalia.