Nusu Kidonge cha Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kuruta alikaguliwa. Jina hilo alipewa na babu yake, sajini mstaafu, siku alipoanza darasa la kwanza. Likamganda, hata majirani wakalisahau lile la kuzaliwa.

"Kola!" Babu aliamuru kutoka kitini.

"Safi, afande!"

"Viatu!"

Kuruta alinyoosha mguu. Babu alivikazia viatu macho ya ukali, kisha akacheka. Baada ya ukaguzi alimeza dawa yake ya presha, mjukuu akimshikia kikombe cha maji.

Lakini tangu bei za vitu zilipoanza kupaa, Babu alikuwa akikata kidonge kwa wembe. Nusu alimeza, nusu aliirudisha kwenye kichupa.

"Vitani tukipungukiwa tulikula nusu posho, na tulirudi nyumbani," alimwambia. "Mama yako asijue. Hiyo ni amri."

"Ndiyo, afande," alijibu Kuruta, ila moyo haukutulia.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba msaada ulikuwepo. Redio ilitangaza kuwa pensheni za wanajeshi wastaafu zimeongezwa ili ziendane na gharama za maisha. Sharti lilikuwa moja tu, kila mstaafu afike mwenyewe ofisini kuhakikiwa. Babu alizitoa buti zake uvunguni, akazipiga rangi mpaka zikang'aa, akaanza kuvaa. Hazikuingia, maana miguu ilikuwa imevimba. Alisukuma, akavuta, jasho likamtoka. Mwishowe akazirudisha uvunguni na kuizima redio.

Jioni Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimuuliza kuhusu uhakiki.

"Nimeshakwenda," Babu alisema bila kupepesa macho. "Tusubiri tu."

Kuruta alikuwa palepale akimenya viazi. Aliinamisha kichwa, akamenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

Nyongeza haikuja. Mama alishona mpaka macho yakawa mekundu, huku akiilaumu ofisi ya pensheni isiyo na kosa. Kuruta alisikia yote.

Asubuhi moja Babu aliita, "Kola!" kama kawaida. Kisha akasema, "Vi...," na neno likakatikia hapo. Kikombe cha chai alichokuwa ameshika kilimponyoka, naye akateleza kutoka kitini. Kuruta alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Zahanatini, muuguzi alimpima Babu presha, akatikisa kichwa.

"Anameza dawa zake ipasavyo?"

"Kila siku," Mama alijibu. "Huyu mtoto ndiye anayempa maji."

Muuguzi akamgeukia Kuruta. Babu naye alifumbua jicho moja pale kitandani, na Kuruta alilijua vizuri jicho lile. Akisema, atakuwa amemsaliti mtu anayempenda kuliko wote. Akinyamaza, huenda kesho asiwepo wa kumkagua.

"Anameza nusu," alisema, machozi yakimtiririka. "Na ofisini hakwenda. Buti hazimwingii."

Mama alishika mdomo. Babu aligeukia ukutani.

Muuguzi alibonyeza mguu wa mgonjwa, kidole kikaacha shimo. "Mzee, uvimbe huu ulitakiwa kuonyeshwa mapema. Na dawa haipunguzwi bila kutuuliza. Mshukuru mjukuu wako."

Babu hakumshukuru. Hata aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kwa siku kadhaa hakumsemesha kabisa, na nyumba ikapooza.

Babu alipopata nguvu, Mama alifunga cherehani ili ampeleke kuhakikiwa. Babu aliketi kitandani akizitazama buti.

"Niende mbele ya maofisa na kandambili, kama natoka kuoga?"

Kandambili zile Kuruta alikwisha kuzisugua kwa brashi na sabuni. Aliziweka miguuni pa Babu, akasimama wima.

"Viatu!" aliamuru.

Babu alimkodolea macho. Kisha, polepole, akavaa na kunyoosha mguu.

"Safi," Kuruta alisema.

Ofisini kulikuwa na foleni ya wazee. Mmoja alikuja na mikongojo, mwingine na soksi tupu. "Sajini!" aliita yule wa soksi. "Kumbe u hai? Mimi nilishakulilia!" Babu akacheka, naye hakuwa amecheka tangu augue. Karani alichukua alama zake za vidole, akamweleza kuwa mwezi ujao atalipwa nyongeza yake pamoja na ile ya miezi aliyokosa. Haikuwa fedha ya kumaliza shida zote, lakini dawa ingenunuliwa.

Nje, Babu alimshika Kuruta bega.

"Nilikuonea. Jeshini nilifundishwa kwamba askari akificha jeraha anakihatarisha kikosi kizima. Nikalisahau hilo kwa ajili ya buti. Mtu mzima akikutaka ufiche jambo linalomdhuru, hiyo si amri. Sema, hata kama atakununia."

"Hata kama ni wewe, afande?"

"Hasa nikiwa mimi."

Kesho yake ukaguzi uliendelea. Kola ilikuwa safi, na viatu vilikuwa safi. Kisha Kuruta, kikombe mkononi, akasimama mbele ya kiti.

"Kidonge!"

Babu akafunua kiganja. "Kizima, afande."