Simu Mara Tatu kwa Siku

Siku umeme ulipokatika mara ya nne kwa juma moja (wakubwa wana jenereta zao, wao inawahusu nini?), nusu ya Kisangani ilijazana kwenye meza ya kuchajia simu kwa paneli ya jua, pale soko kuu. Simu thelathini zililala hapo kimya, ila moja haikutulia.

— Papa, telefone hii ni yako? Iko inatetemeka sawa mutu wa malaria.

Josué aligeuka. Mwanamke aliyemsemesha alivaa liputa, kitenge cha manjano chenye ndege wa kijani. Josué ni fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo, kwa hiyo macho yalikimbilia blauzi.

— Ni yangu. Na weye, nani alikushonea hii libaya? Bega moja iko juu, ingine iko chini.

— Ah! Unanitukana mbele ya watu?

— Hapana, mama. Niko natafuta mteja.

Akacheka. Aliitwa Simone, muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Yanonge. Alichungulia kioo cha simu: ujumbe mia tatu na kumi na mbili, vikundi arobaini. Wateja, parokia, ukoo, mtaa, hata wanasiasa waliomwingiza bila kumwuliza, wakapotea baada ya kura.

— Hii yote unasoma saa ngapi?

— Saa yote.

Sababu hakuisema siku ile. Aliisema baadaye, libaya ilipokwisha kurekebishwa mara tatu bila haja. Mke wake Chantal alifia kwenye benchi la hospitali, karatasi yake ikingoja muhuri wa mkubwa mmoja ambaye saa yake ya kutia sahihi ilikuwa haijafika. Tangu hapo, miaka miwili, Josué aliogopa kuitwa asisikie. Alisoma kila kitu. Nguo za watu zikachelewa, sindano ikamchoma vidole, usingizi ukamkimbia.

Simone akamwandikia dozi, kama kwenye karatasi za wagonjwa wake: simu mara tatu kwa siku, asubuhi, midi saa sita, jioni. Katikati inyamazishwe, iingie kwenye droo ya cherehani. Na ukutani, kwa chaki, kazi tatu tu za siku.

— Ikipita tatu, njo umezidisha dozi, chéri. Utaanguka.

— Na weye nikikutamani katikati?

— Panda baiskeli ya toleka, ukuje!

Ikamfaa. Nguo zikatoka kwa siku zake, na wawili wakaanza kusema habari ya ndoa. Tonton Lokangu, mjomba aliyemsaidia mama wa Simone kumlea, angepanda mto kutoka Yanonge Jumamosi kumwona mwanaume huyu kwa macho yake. Kule kwao mwalimu mmoja alikuwa ameshaleta vinywaji vya posa mara mbili.

Tonton akafika Alhamisi.

Saa tatu asubuhi Simone alipiga simu, réseau ya mtandao ikakataa. Akatuma jumbe nne za sauti. Droo ilinyamaza. Midi Josué aliifungua, akaanza na ujumbe wa zamani zaidi, kila mtu kwa zamu yake: suruali ya huyu, koti la yule. Saa saba kasoro dakika tano akafikia sauti ya Simone.

« Tonton amefika, mashua inarudi saa saba. Kuja mbio. » Ya pili, ya tatu. Ya nne: « Bon, acha. Mi naenda naye. »

Toleka iliruka mashimo ya barabara ambayo kila mkubwa ameiahidi lami. Josué akafika bandarini saa saba na nusu. Mashua ilikuwa bado ipo! Karatasi za abiria zilikamatwa, na mkubwa wa kuzirudisha alikuwa ameenda kula. Kwa mara ya kwanza maishani uzembe wa wakubwa ulimsaidia.

Simone alisimama na begi lake, hakugeuka.

— Ulisema mara tatu, Simone! Nilifuata dozi yako.

— Mugonjwa akianguka saa ine, nitamwambia angoje midi? Na midi ilipofika, ukaniweka kwenye foleni nyuma ya suruali za watu!

Josué alikumbuka hospitali. Alimwona Chantal benchini. Alimwona mwenye muhuri, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlaani miaka miwili.

— Nimekufanyia sawa ule mukubwa alifanyia Chantal, akasema. Nisamehe.

Simone akageuka, macho mekundu. Mzee aliyeketi ndani ya mashua, kando ya gunia la chumvi, akakohoa.

— Donc njo huyu? Anatoka jasho sana.

— Njo huyu, tonton.

— Jasho yake nimeona. Basi mama yako naye amuone, miguu haimubebi kufika huku. Kijana, utakuja siku gani?

Josué alikuwa na suti ya harusi mezani, mteja wa saa tisa, na mwingine wa jioni. Karatasi zikarudishwa, injini ikanguruma.

— Leo.

— Leo namna gani? Simone akacheka huku analia. Hauna hata shati ya kubadili!

Josué alikuwa ameshakanyaga ubao.

— Tonton, sukuma gunia. Nipe nafasi.

Mzee akalisukuma gunia la chumvi, akasogea.