Hatua za Fundi Cherehani

Asubuhi hiyo foleni ya lifti ilifika hadi mlango mkuu wa jengo. Fundi cherehani, shati lake la samawati likiwa limenyooshwa barabara, alikumbatia suti mbili za mteja na kuitazama saa kila dakika.

"Unaenda ghorofa ya ngapi, kaka?" aliuliza muuguzi mmoja aliyevalia sare nyeupe na raba za kijani.

"Ya tatu tu."

"Ya tatu, na umesimama robo saa? Hiyo miguu umeazima?"

Foleni nzima ikacheka. Fundi, ambaye hakuzoea kuchekwa na mrembo, akamfuata ngazini. Walipofika juu alitaka kuomba namba ya simu, lakini pumzi haikumruhusu. Muuguzi akamwandikia mwenyewe kwenye kikaratasi.

"Ukipata sauti, nipigie."

Alipiga jioni ileile. Penzi likachipuka, ila muuguzi alikuwa na sharti moja, na alilitamka bila utani.

"Baba yangu alikuwa karani. Kitini hadi garini, garini hadi kitini. Moyo ulimsimama akiwa na miaka hamsini na moja. Sitaki kuwa mjane mapema kama mama. Tembea, mpenzi. Kila siku."

"Kwa ajili yako, laazizi, nitatembea hadi viatu viombe talaka."

Simu ya fundi ikawekwa kuhesabu hatua. Kila jioni aliulizwa.

"Leo ngapi?"

"Elfu kumi na nane, roho yangu."

"Kwa mvua ile?"

"Mapenzi hayaogopi kulowa."

Alhamisi moja muuguzi alipita dukani ghafla kuchukua gauni la mama yake. Fundi alikuwa ameketi, anashona. Simu ilikuwa imefungwa kwa utepe kwenye kanyagio la cherehani, ikipanda na kushuka, ikihesabu.

"Kumbe mchumba wangu ni cherehani!" Muuguzi aling'aka. "Umenidanganya juu ya uhai wako mwenyewe!"

Akaondoka bila gauni. Fundi alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa: "Oa cherehani. Ina afya nzuri."

Jumamosi fundi alilifungasha gauni, akalipeleka kwa miguu hadi kwa mama yule, mitaa sita. Muuguzi alikuwa kazini. Mama, aliyeshinda sofani tangu afiwe, alilijaribu akajitazama kiooni.

"Limenikaa vizuri. Lakini nitalivaa niende wapi, mwanangu?"

"Twende hadi pale kona tu, mama."

Wakafika. Kesho yake wakafika sokoni. Wiki ya tatu walikuwa wakiuzunguka uwanja mzima, mama akimkemea: "Kaza mwendo, mkwe! Wazee wanatupita!"

Zamu zake za mchana zilipokwisha, muuguzi alibaki nyumbani kwa mama; saa kumi na moja jioni alifungua mlango, akamkuta fundi kizingitini, jasho likimtiririka.

"Umemfuata nani?"

"Mama. Tunatoka."

"Kila siku," mama alidakia. "Na anachoka kabla yangu."

Muuguzi alikunja uso asije akacheka. "Nikikusamehe, utarudi kukaa?"

"Nilianza kwa aibu. Sasa nikishinda kitini, mgongo wenyewe unaninung'unikia. Miaka mia siwezi kukuahidi, laazizi. Naahidi kwamba sitajifia kizembe nikakuacha. Kubali nikuoe."

Muuguzi alijipangusa machozi. Mama, aliyekwisha kunyoosha misuli, hakuwa na subira.

"Mjibu upesi, mwanangu. Mwili unapoa!"

"Nakubali," alisema muuguzi, na kabla fundi hajapata neno, mama alikuwa amekwisha fika getini.