Uso Ukutani, Macho Kwenye Karatasi

Kila alfajiri Samiha alimpelekea mama yake chai ya rangi kwenye foleni ya duka la ushirika, Chumbageni. Miaka ile sukari ilikuwa adimu, na aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda kuketi barazani. Jiwe la mama yake, Mama Sabiha, lilikuwa na alama ya mkaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wahi shule."

Samiha alikwenda huku akipiga miayo. Macho yake hayakutulia. Tangu uchanga yalichezacheza, kulia na kushoto, kama mizani ya dukani iliyotiwa unga sasa hivi. Majirani walisema ni husuda, wakampaka wanja. Wanja uliisha, macho yakaendelea kucheza. Samiha mwenyewe aligundua kwamba akigeuza uso kushoto yanatulia, na herufi anaziona.

Darasa la sita walibanana wanne dawati moja. Kushoto kwake alikaa Rahimu, bingwa wa hesabu. Siku ya jaribio, Mwalimu Fanueli alifoka kutoka mbele, "Samiha! Unaangalizia!"

"Siangalizii, mwalimu."

"Uso wako umeelekea karatasi ya nani?"

Darasa likaangua kicheko. "Usisahau kunakili na jina langu," Rahimu alinong'ona.

Mwalimu aliichukua karatasi. "Ukirudia kwenye mtihani wa mwisho, utakariri darasa."

Jioni mama alisikiliza huku akikanda miguu yake iliyovimba. "Nimesimama kutwa, sukari imeishia mbele yangu. Usiniongezee aibu, mwanangu. Tazama mbele kama wenzio."

Samiha alitii. Siku nyingi aliishikilia shingo isigeuke. Herufi zilififia, kichwa kilimuuma, akakosa hata hesabu alizozijua. Akachoka kuliko mtu aliyelima.

Asubuhi ya mtihani alimfuata mwalimu. "Nikitazama mbele sioni vizuri. Nikigeuza uso naiona karatasi yangu, si ya mtu. Nikalishe mwisho wa dawati, kushoto kwangu pawe ukuta."

Mwalimu Fanueli aliupima ukuta kwa macho. Naye alikuwa ametoka foleni mikono mitupu. "Ukuta hauna majibu," alisema taratibu. "Haya, kaa."

Mtihani ulipoanza, mwalimu alimsogelea akainama. Uso wa Samiha ulielekea kwenye chokaa, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi yake, yametulia tuli.

Matokeo yalipotoka, Samiha alikuwa wa pili, nyuma ya Rahimu. "Kumbe ukuta unajua hesabu!" Rahimu alisema. "Muhula ujao nakaa mimi pale."

Samiha alipomweleza mama habari za ukuta, mama alimpeleka hospitali. Daktari wa macho alieleza kwamba tatizo hilo si husuda wala haliambukizi, na kwamba Samiha alizaliwa nalo. Hakuwa na dawa ya kuliondoa. Akashauri aketi mbele, wala asikatazwe kugeuza uso.

Mwalimu Fanueli aliposikia, alimfuata Mama Sabiha kwenye foleni, Samiha akiwa kando yake.

"Nisameheni. Nilimwona akigeuka, nikahukumu kabla ya kuuliza."

"Hata mimi mzazi sikuuliza," mama alijibu. "Uchovu ulinifumba macho."

"Basi tujifunze sote," alisema mwalimu. "Mwenye shida aiseme mapema, na anayemwona aulize kwanza. Wewe, Samiha, umetushinda kwa kusema kweli."

Foleni ikasogea kidogo. Mama Sabiha akainama, akaliokota jiwe lake, akaliweka mbele.